Selipher Nekesa na Majiko ya Wanasari

Ndugu waombolezaji, majirani wa mitaa ya Mahjar na Sharafiya hapa Jeddah, wenzetu mliosafiri kwa basi kutoka Riyadh, akina mama wa Kiindonesia mliotoka kazini bila hata kubadilisha nguo ili mfike kwenye istiraha hii, ukumbi wetu wa kukodi, na wewe shemeji Elphas unayetusikiliza kwa simu kutoka Kimilili pamoja na watoto, mimi ni Zacharia Wafula, dereva, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu, lakini marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kuyasemea kwa upole mambo yasiyostahili upole, na nikimsoma kwa sauti ya kubembeleza nitakuwa namzika mtu mwingine.

Marehemu Selipher Nekesa Khaemba alizaliwa tarehe 11 Agosti 1975 nje kidogo ya mji wa Kimilili, Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eliud Khaemba na mama Jerusha Nasimiyu, na akaitwa Nekesa kwa sababu mama alishikwa na uchungu msimu wa kuvuna, kama jina lenyewe linavyosema kwa Kibukusu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani kuanzia mwaka 1982 hadi 1989, akaendelea na sekondari akamaliza mwaka 1993, kwa alama ambazo walimu wake waliziita za wastani, neno alilolichukia maisha yake yote, kisha akajiunga na chuo cha ufundi ambako alisomea upishi na uhifadhi wa vyakula hadi mwaka 1995.

Mwaka 1996 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana karibu na Webuye, na kazi yake ya kwanza ya kukumbukwa huko ilikuwa kusimama mlangoni mwa ghala na kulirudisha lori la mahindi yaliyoliwa na wadudu, mahindi ya mtu mkubwa, rafiki wa watu wakubwa, ambaye alishuka kwenye gari na kumuuliza kama anajua anaongea na nani, naye akamjibu kwamba hajui na wala wadudu hawajui. Alisimamishwa kazi lakini hakufukuzwa, kwa sababu wasichana walikataa kula mpaka arudishwe jikoni, lakini tangu siku hiyo alijulikana kuwa mtu mgumu, na mpaka leo kuna watu wanaolitaja jambo hilo kama kasoro ya tabia.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa na mwalimu Elphas Simiyu katika kanisa la Friends, Kimilili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Griffins aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2000, na Maryann aliyezaliwa tarehe 22 Januari 2004. Wapishi wa shule ile walipoachishwa kazi wote kwa mkupuo ili jiko apewe mkandarasi, marehemu na mumewe walikaa wakashauriana, wakakubaliana kwamba yeye asafiri na mwalimu abaki na watoto, na ninasema walikubaliana, wawili hao, ndani ya nyumba yao, kwa sababu kuna wazee wa ukoo ambao kwa miaka mingi wamesimulia kwamba alitoroka. Wazee hao hawakuwepo. Walikuja baadaye, kuuliza atatuma lini.

Alisafiri tarehe 6 Mei 2009 kupitia kwa ajenti mmoja wa Nairobi ambaye simtaji jina kwa sababu halistahili kukaa karibu na jina la dada yangu, mtu aliyewakusanya kwenye ukumbi wanawake waliokuwa wamelea watoto na kupikia mamia ya watu, akawafundisha namna ya kutandika kitanda na kuinamisha macho, kisha akawapa cheti. Alifikia Riyadh, katika nyumba ya familia moja mitaa ya kaskazini, kwa madam aliyewaita wasichana wake wote wa kazi kwa neno moja, yalla, yaani haraka, kana kwamba ndilo jina walilobatizwa, na humo jikoni ndimo alimokutana na Sumarni, mpishi kutoka kijiji cha Wanasari, katika milima ya Purbalingga, kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Huyu hajafika leo, yuko kwao, lakini hakuna kitu nitakachokisoma kuanzia hapa ambamo hayumo.

Wawili hao hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiarabu cha jikoni, kile cha maneno machache ya leta, osha, mafi, yaani hakuna, na halas, yaani basi, na kwa maneno hayo machache walijenga urafiki ambao wengi wetu hapa, tunaozungumza lugha moja tangu tuzaliwe, hatujaufikia. Sumarni alimfundisha kutengeneza tempe, chakula cha kwao kinachotokana na soya iliyochemshwa na kumenywa maganda, ikachanganywa na hamira yake, ikafungwa na kuachwa kwenye joto mpaka ishikane kama keki nyeupe, na kwa kuwa majani ya migomba hawakuyapata Riyadh, waliifunga kwa mifuko waliyoitoboa kwa sindano, wakaiweka nyuma ya mashine ya kufulia, mahali penye joto, pasipofikiwa na madam. Mimi nilifika Riyadh mwaka 2011 nikapanga chumba mtaa wa Shumaisi, na Ijumaa zangu nyingi nilizitumia kuwasambazia Waindonesia mzigo huo, huku Wakenya wenzangu wa chumba kimoja wakiziba pua na kusema kwamba dada yangu amevuka bahari kuja kuuza maharagwe yaliyooza. Wawili kati yao nawaona kule nyuma, wakila tempe iliyokaangwa kwa ajili ya msiba huu, na sahani zao zimejaa vizuri.

Mwezi wa Aprili 2015 Sumarni alirudi kwao moja kwa moja, na marehemu akahamishiwa ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi, Jeddah, kwenye mkahawa mmoja wa Sharafiya uliopikia Waindonesia, wafanyakazi kwa mahujaji. Huko Wanasari, Sumarni alikuta wanawake wenzake waliorudi kutoka Uarabuni wamekaa tu, na wale ambao hawakuwahi kuondoka wanapika sukari ya mnazi kama mama zao walivyopika, kwa maana wanaume wa kijiji hicho hupanda minazi asubuhi na jioni kugema utomvu, na wake zao huuchemsha kwenye majiko ya udongo mpaka ugande. Sukari hiyo yote ilichukuliwa na dalali mwenye pikipiki, akaichanganya nzuri na mbaya, akaiuza mbali kwa jina lake. Sumarni alimpigia marehemu simu na kumweleza, na marehemu akamwambia ampelekee kidogo aionje, ikaletwa ndani ya sanduku la mama mmoja aliyekuwa anarudi kazini Jeddah, na hivyo ndivyo kazi ile ilivyoanza, bila ufunguzi rasmi na bila mgeni wa heshima.

Bwana Salem Vuai, ambaye tuko naye hapa, mzaliwa wa Jeddah, wazee wake walitoka Unguja mwaka 1964, alikuwa na duka la vyakula na kadi za simu hatua chache kutoka kwenye ule mkahawa, na ndiye aliyeionja sukari ile, akaonja tena, kisha akakubali kuiagiza kwa utaratibu halali wa forodha na kuiuza kwenye rafu zake pamoja na chipsi za muhogo na pilipili ya kusaga kutoka kijiji hicho hicho. Marehemu aliweka sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja, kwamba kila pakiti iandikwe jina la mwanamke aliyeipika. Watu wa Jeddah wakaanza kuingia dukani wakiuliza sukari ya Bu Tarsih, yaani Mama Tarsih, au chipsi za Bu Warsini, na mahujaji wa Java wakawa wanapiga picha pakiti hizo kwa sababu wamemkuta mtu wa wilaya yao mjini Jeddah.

Likizo yake ya mwaka 2016 alikwenda Wanasari badala ya Kimilili, na ya mwaka 2019 pia, na hapo ndipo ukoo ulipopata la kusema, eti anawalimia Waasia na kwao kumejaa magugu. Kwa faida ya wale ambao wamekuja na neno hilo mdomoni mpaka leo, nisome kwamba marehemu alianza na kwao. Mwaka 2013 alituma ujumbe Kimilili akitaka kianzishwe kikundi cha kusindika karanga na muhogo, na katika kikao cha kwanza wajomba na binamu waligombania uenyekiti mpaka viti vikarushwa, kabla ya karanga hata moja kupandwa. Maryann alikuwa mdogo, lakini anakumbuka viti. Marehemu alipoelezwa hakulia wala hakubembeleza mtu, alisema tu kwamba wamechagua mwenyekiti, basi wamle.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani alikwenda Java kuwa malaika. Safari ya kwanza aligundua kwamba Bu Tarsih, mwanamke mzee kuliko wote kikundini, alikuwa anachanganya sukari nyeupe ya dukani ndani ya sufuria ili ijae haraka, na marehemu alizimwaga pakiti zake zote mbele ya wenzake, zile zenye jina lake, mama wa watu akajifunika uso kwa kanga yake ya batiki akalia. Hakumwomba radhi, kwa sababu hakujua kuomba radhi, lakini likizo iliyofuata aliimaliza karibu yote kwenye jiko la Bu Tarsih, akichochea, akileta kuni, akimsikiliza kikohozi, na siku ya kuondoka waliagana, mmoja ameshika mwiko na mwingine ameshika begi. Tangu hapo sukari ya Bu Tarsih ndiyo iliyoisha kwanza dukani.

Wataalamu nao walifika Wanasari, kama wanavyofika kila mahali. Walikuja na gari zuri na bango la kuinua ujasiriamali wa akina mama vijijini, wakawaambia wanawake walioamka kabla ya jogoo tangu utotoni kwamba tatizo lao ni fikra, wakagawa chakula ndani ya vibakuli vya plastiki, wakawapiga picha wakitabasamu, wakaenda zao. Marehemu alimuuliza Sumarni kama kuna chochote cha maana kilichobaki, na Sumarni akamwambia ndiyo, vile vibakuli, vinafaa kuwekea pilipili.

Mwaka 2020 mahujaji hawakuja kwa sababu ya maradhi yale yaliyofunga dunia, Sharafiya ikanyamaza, na mizigo ikajaa kwenye duka la Bwana Salem mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri. Wanasari haikufa njaa, kwa sababu chini ya minazi yao kulikuwa na muhogo, ndizi na pilipili, vitu walivyokula na kuuza kwenye soko lao wenyewe, na marehemu aliwasisitizia kwa simu wauze kwanza kwa jirani kabla ya kumuuzia Mwarabu. Lakini walichoka, na watu waliochoka ndio hutembelewa na watu wa aina ninayotaka kuisoma sasa.

Bwana Norman Barasa, mwenyekiti wa chama chetu cha maslahi cha Wakenya, ambaye amekaa hapo mstari wa mbele kwa suti nyeusi, ndiye aliyemleta mfanyabiashara mmoja wa vyakula wa mjini Jeddah, mtu wa maghala na malori, ambaye alikuwa ameionja sukari ya Wanasari na kutaka kuichukua yote. Mpango wake ulikuwa mzuri ukisomwa haraka. Angejenga kiwanda kijijini, utomvu wote ungepelekwa huko, majiko ya nyumbani yangevunjwa kwa sababu moshi wake haupendezi wakaguzi, mihogo na migomba ingekatwa ili minazi iongezwe, na pakiti zisingekuwa tena na majina ya wanawake, bali picha ya mwanamke mmoja wa kuchorwa, mwenye kofia ya makuti, anayecheka. Wanawake wenyewe wangeajiriwa kufagia na kufungasha. Bwana Norman aliupenda mpango huo kwa moyo wote, na aliahidiwa kitu ndani yake, sijui ni nini, na sijali.

Mkutano ulifanyika tarehe 17 Septemba 2022 katika hoteli moja ya Riyadh, na marehemu akaitwa kutoka Jeddah kwa kuwa Wanasari ilikataa kujibu bila yeye. Nilimpokea kituo cha basi nikampeleka, na kwa sababu nilikuwa dereva hakuna aliyenifukuza mlangoni, kwa hiyo ninayoyasoma niliyaona. Bwana Norman alimpokea kwa furaha, akamketisha nyuma, akamweleza kwamba kazi yake ni ndogo, atasimama na kusema akina mama wako tayari, na baada ya hapo atapewa cheo cha msimamizi, ikama mpya na nyumba. Sumarni alikuwa kwenye skrini kubwa, amekaa nje ya nyumba yake, na nyuma yake wanawake wamesimama. Mfanyabiashara alieleza, mkalimani akaeleza, Bwana Norman akaeleza upya yale yaliyokwisha elezwa, kisha Sumarni, bila kumwangalia yeyote kati yao, akamuuliza marehemu kwa kile Kiarabu chao cha jikoni kama yeye angesaini.

Marehemu alisimama. Alikuwa amevaa koti langu kwa sababu ya baridi ya ule ukumbi. Akamjibu, "Mimi nilishasaini karatasi kama hii mara moja, Sumarni. Wewe pia. Ndiyo maana tulikutana jikoni kwa watu."

Kwenye skrini Sumarni aliinua mkono akaizima simu, na hilo ndilo lililokuwa jibu la Wanasari. Mfanyabiashara alicheka kama mtu aliyepitiwa na nzi, akaagiza kahawa. Bwana Norman alitufuata mpaka kwenye gari, akisema kwamba mwanamke wa kufua nguo amewaaibisha Wakenya wote mbele ya watu wa heshima, na marehemu akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, akaniambia twende asije akachelewa basi la Jeddah. Karibu na kituo aliniuliza kama alifanya vibaya, mara moja tu. Nilimwambia hapana. Huo ndio woga pekee niliomwona nao katika maisha yake, nami nimeuweka humu ili wanaosema alikuwa na moyo wa jiwe wajue kwamba alijua anachokipoteza.

Na alikipoteza. Kafili wake, mdhamini wake wa kisheria na mwenye ule mkahawa, alikuwa ananunua mchele na mafuta kwa mfanyabiashara yule yule, na ikama ya marehemu ilipoisha Januari 2023 aliambiwa halas, haihuishwi, bila maelezo. Bila ikama hakuna bima, na bila bima dawa zake za shinikizo la damu, ambalo alikuwa nalo tangu Riyadh, zikawa za kubahatisha. Alihamia Mahjar, kwenye chumba cha wanawake watatu wa Kiindonesia ambao walimpa godoro la karibu na dirisha na hawakumuuliza atakaa mpaka lini, akawa hatoki mchana kwa kuogopa ukaguzi. Alikuwa mwanachama wa chama chetu tangu kilipoanzishwa, kwa hiyo nilikwenda mimi mwenyewe kwenye mkutano wa chama, Riyadh, kuomba kiandikie ubalozi na kumsemea, na Bwana Norman alijibu mbele ya wote, "Alipewa cheo akakataa. Sasa anataka chama kimpiganie cha nini?" Watu walicheka. Sikuwasikia wote wakicheka, lakini sikumsikia hata mmoja akikataa.

Aliyemsimamia hakuwa Mkenya wala Mkristo. Bwana Salem Vuai alikwenda Mahjar, akasimama mlangoni kwa adabu kwa kuwa chumba kilikuwa cha wanawake, akamwambia, "Bibi Selipher, mie ntakuandikisha dukani kwangu. Hao waache na maneno yao." Karatasi zilimchukua mwaka karibu wote kuzungushwa ofisini, na ikama ilitoka Novemba 2023, na alipopimwa kwa bima mpya Daktari Safa alimweleza waziwazi kwamba figo zote mbili zimekwisha haribika. Tangu hapo alisafishwa damu mara kwa mara, na siku ambazo hakuwa kwenye mashine alikuwa dukani, kwenye kiti nyuma ya kaunta, akikagua pakiti na kuwagombeza wateja waliobonyeza chipsi.

Kijiji cha jirani na Wanasari kilikuwa kimesaini. Walivunja majiko, wakakata migomba, kiwanda kikajengwa, na kwa muda wakawa wanapita Wanasari na sare zao wakiwacheka wenzao wenye masizi. Mwezi wa Juni 2024 yule mfanyabiashara alipata utomvu wa bei nafuu kwingine, akafunga kiwanda kwa ujumbe wa simu. Wanawake wale walikuja kwa Sumarni, wamesimama barabarani bila kuthubutu kuingia, na wenzao wa Wanasari wakagawanyika, wengine wakisema waachwe waione dunia. Sumarni alimpigia marehemu akiwa kwenye mashine ya damu. Mimi nilikuwa nimekuja kumwona, nimekaa pembeni yake. Aliomba simu iwekwe sauti kubwa ili wale wa barabarani wasikie, akawatukana kwa Kiarabu cha jikoni, tusi moja baada ya jingine, mpaka muuguzi akatoka chumbani kwa aibu, na alipomaliza akavuta pumzi akamwambia Sumarni awaonyeshe udongo mzuri unachimbwa wapi, wajenge majiko. Siku hizi kuna pakiti zao pia kwenye rafu za Sharafiya. Kila moja ina jina.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa mwaka huu. Alilazwa tarehe 28 Januari 2025 hapa Jeddah, akaongea na mumewe kila siku, akawaaga watoto kwa kuwagombeza, Griffins kwa kutonyoa ndevu na Maryann kwa kuchelewa kumaliza chuo, na tarehe 9 Februari 2025, Jumapili, saa tatu asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka arobaini na tisa, nimemshika mkono mmoja na mama wa Kiindonesia wa chumba chake amemshika mwingine. Mwili wake utasafirishwa kesho kwenda Kimilili, ambako mwalimu Elphas amechagua mahali karibu na nyumba. Shemeji, wewe uliambiwa na wengi umrudishe kwa nguvu, na jibu lako lilikuwa kwamba mwanamke huyo unamjua. Familia yetu haina neno la kukushukuru linalotosha.

Tunamshukuru Daktari Safa na wauguzi wake, hasa yule aliyetoka chumbani siku ile na baadaye akarudi kuomba atajiwe tena yale matusi. Tunawashukuru majirani wa Mahjar, na wanawake watatu wa chumba kile ambao wameomba wasitajwe majina kwa sababu ya kazi zao. Tunamshukuru Bwana Salem Vuai na nyumba yake yote. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa jikoni Sharafiya, ambao kafili wao aliwakataza kuja nao wakaja.

Bwana Norman asubuhi ya leo alileta bango likaegeshwa getini, linalosema kwamba yeye ni mlezi wa mradi wa akina mama wa Indonesia, na picha yake humo ni kubwa kuliko ya marehemu, tena ameomba dakika tano za kuzungumza. Bango limetandikwa kule jikoni, mchele unachambuliwa juu yake. Dakika tano hakuna. Programu ya leo ni ya watu waliomfahamu dada yangu, na wewe, bwana, ulikutana naye mara nyingi bila kumfahamu, kwa hiyo kaa hapo ulipo, kula chakula chetu, kisha urudi Riyadh.

Jana Sumarni alinipigia. Aliniuliza, kwa niaba ya vijiji vyote viwili, kama kwa mila zetu inafaa wazime majiko yote siku mwili utakapozikwa, wakae bila moto kumheshimu. Nikamwambia kwamba utomvu ukikaa siku moja unachacha, na kwamba dada yangu akisikia wamemwaga utomvu wa siku nzima kwa ajili yake atawatukana huko huko aliko. Alicheka huku analia, nikasikia anawageukia wenzake na kuwaambia jambo kwa Kijava, na wakamjibu kwa pamoja, na sikuhitaji mkalimani, kwa sababu nilisikia kuni zikivunjwa.

Lala salama, Selipher Nekesa. Hakuna tena atakayekuamsha kwa yalla. Pumzika, dada.